Tezi Dume: Aibu Isiwe Kizuizi
Huko Ipelele, mkoani Njombe, ni rahisi kwa mzee aamkaye mara nne usiku kwenda haja ndogo kusingizia baridi au umri. Dhana hiyo haina budi kupigwa vita.

Mkojo unaosita, unaokatika au usiokwisha waweza kutokana na kukua kwa tezi dume, jambo ambalo si lazima liwe saratani. Lakini kisukari na maambukizo ya kibofu nayo huleta dalili za namna hiyo. Kwa hiyo mganga habahatishi: huuliza maswali, hupima mkojo na damu, na huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hicho ni cha muda mfupi tu. Anayekikimbia kwa kuona haya hujitia katika hatari ya kuzibwa mkojo na kuharibiwa figo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Viongozi wa vijiji na wawaeleze wazee bila kificho.