Nani Alipie Ubingwa wa Daktari?

Wako wasemao kwamba daktari akitaka ubingwa ajilipie mwenyewe, maana faida ni yake. Hoja hiyo yafanana na haki, lakini aitoaye hajapata kuingia wodini saa nane za usiku.

Mwanafunzi wa ubingwa si mtu akaaye darasani tu. Kwa miaka mitatu au zaidi, katika hospitali kama Muhimbili, KCMC na Bugando, yeye hupokea wagonjwa, hushika zamu na kusaidia upasuaji chini ya mkufunzi wake. Hiyo ni kazi ya umma. Basi anayejigharamia hulipa ada ili apate kuwatumikia wananchi!

Liko baya zaidi. Ajilipiaye hujichagulia. Hatuna haki ya kumlaumu akichagua fani yenye malipo ya jioni mjini, wala akikataa kwenda Kigoma au Lindi. Lakini mama mwenye uchungu pingamizi hapasuliwi pasipo mtaalamu wa dawa za usingizi, na fani hiyo haina wagonjwa wa kuja kubisha hodi kwenye kliniki ya mtu binafsi. Nani ataisomea kwa fedha zake?

Ufadhili wa Serikali kwa wanaosomea ubingwa, wenye jina la Rais Samia, ni hatua njema. Hata hivyo fedha peke yake haitoshi. Nchini Marekani, mfuko wa umma wa bima ya wazee, Medicare, umechangia mafunzo hayo tangu ulipoundwa mwaka 1965. Mwaka 1997 Bunge lao likafunga idadi ya nafasi zinazolipiwa kwa kiwango ambacho kila hospitali ilikuwa nacho mwaka 1996. Waliokuwa nazo nyingi wakabaki nazo. Vijiji vikabaki na uhaba. Nafasi mpya 1,000 zilizoidhinishwa Desemba 2020 hutolewa zisizozidi 200 kwa mwaka.

Kwa hiyo ufadhili wetu hauna budi kuanzia kwenye upungufu wa hospitali ya mkoa, si kwenye maombi ya mtu. Hospitali itaje fani iliyokosa, daktari apelekwe kwa ajili hiyo, abaki na mshahara wake, naye atie saini mkataba wa kurudi.

Mkataba una pande mbili. Bingwa wa upasuaji hawezi kuwajibika mahali pasipo na mashine ya usingizi wala oksijeni. Vifaa hivyo viagizwe siku aendapo masomoni, si siku arudipo.