Busaa haihitaji friji, bia ya shayiri inahitaji
Nina jambo kwa sisi wa Kisumu tunaotengeneza bia nyumbani. Busaa ya mama zetu, ya unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi, huchachuka vizuri kwenye joto letu la mchana la nyuzi 29 au 30. Bia ya shayiri haivumilii hilo: hamira zake nyingi hutaka nyuzi 18 hadi 22, joto likizidi ladha huharibika. Hapo ndipo friji kuukuu inapofaa, ikiwashwa na kuzimwa na thamostati ya nje. Kihisi cha thamostati hiyo kibandikeni kwenye ndoo yenyewe ya bia, kisining'inie hewani, kwa sababu pombe inayochachuka hujipasha joto. Kompresa ikizima, ipumzike dakika tano kabla ya kuwaka tena. Na tafadhali msitoboe ubavu wa friji kupitisha waya wa kihisi bila fundi. Mabomba ya gesi hupita humo.