Raisi atarudi? Nani anajua!



Mu internat wenzetu wanabishana: eti raisi wa Marekani atakayechaguliwa 2028, lazima atashinda tena 2032, kwani mwenye kiti ana nguvu. Mimi nasema hapana. Bush baba alishinda vita ya Kuwait mwaka 1991, watu wakamusifu sana. Lakini kazi ilikosekana, na mwaka 1992 Clinton akamuangusha. Carter alianguka 1980. Trump alianguka 2020, kisha akarudi 2024! Tusitazame kiti, tutazame kwanza: watu wako na kazi? Bei ya chakula iko namna gani? Hayo ya 2032 nani anayajua leo? Basi, wewe uliyeweka sukari yako rehani, uikule tu.

Mwanafunzi wa darasa la tano