Paneli Zinazolala Kathiani: Wito kwa Wakazi

Kiangazi kilichopita, katika kijiji kimoja cha Kathiani, kaunti ya Machakos, mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa foleni kwenye kisima tangu alfajiri. Kufikia saa nne jua lilikuwa limewaka sawasawa juu ya paneli, mbingu haina wingu, na pampu bado ilikuwa kimya. Kijana aliyeshika ufunguo alifungua kibanda cha bati na kuonyesha kisanduku cha kuongoza pampu. Waya mbili zilikuwa zimeungua hadi plastiki yake ikayeyuka na kuganda ukutani. Bibi mmoja alifika na punda wake mwenye mitungi minne, akauliza kama leo maji yatatoka.

"Rudi tu, susu," kijana akamwambia. "Mashine imekufa."

Bibi akamgeuza punda, akateremka kuelekea mtoni. Huko wanawake walikuwa wamekwisha kufukua mashimo kwenye mchanga na walikuwa wakichota kwa kata, kidogo kidogo, wakingoja maji yajikusanye tena kabla ya kuchota mara ya pili. Watoto waliopaswa kuwa darasani walikuwa wakiwashikia punda. Kule juu, paneli zilizogharimu fedha za umma ziliendelea kuota jua bila kumpa mtu hata tone.

Sababu hazihitaji mtafiti. Hakuna aliyetenga fedha za ukarabati, fundi aliyefunga mitambo alitoka mbali na hakuacha nambari ya simu, shilingi za mitungi hazikufika benki, na kila mtu alimngoja jirani yake aseme kwanza. Hali hii inajulikana Mitaboni, Kaani na Kaewa, na inajulikana katika sehemu kubwa ya Ukambani.

Kinachouma ni kwamba aibu hii imezoeleka. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, soda na hotuba, na kibao chenye majina ya wakubwa kilisimikwa kwa saruji imara kuliko nyumba ya pampu yenyewe. Mtambo ulipokufa hakuna mkubwa aliyerudi. Mkandarasi alikwisha kulipwa. Kamati ilinyamaza kwa sababu ingeulizwa hesabu. Na wakazi, wenye kisima chao, walinung'unika njiani kuelekea mtoni badala ya kusimama barazani. Lawama hiyo inawahusu wote, kila mmoja kwa kipimo chake, na mzigo wake unabebwa na mama na mtoto ambao hawakualikwa hata kwenye meza ya uzinduzi.

Hasira hii isije ikageuzwa kuwa chuki dhidi ya sola. Faida zake ni kubwa na zimekwisha kuonekana. Kenya inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Huko Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya upepo inaweza kuzalisha megawati 310. Kipeto, Kajiado, ipo mingine 60 yenye uwezo wa megawati 100. Garissa kuna shamba la paneli la zaidi ya megawati 50 lililozinduliwa Desemba 2019. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifunga paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Umeme huo hauhitaji meli ya dizeli kutoka ng'ambo, wala bei yake haipandi kwa sababu ya vita vya mbali.

Kwa mkulima wa Kathiani faida ni ya karibu zaidi. Pampu ya jua haihitaji petroli ya kubebwa kwa bodaboda, na ikiwa inajaza tangi mchana haihitaji hata betri, kwa sababu maji yaliyopandishwa juu ndiyo akiba yenyewe. Mwanafunzi anasoma bila moshi wa koroboi. Zahanati inatunza chanjo kwenye baridi hata stima ikipotea. Na stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa taa, na giza kama hilo likarudi Novemba na Desemba mwaka huohuo. Kijiji chenye mtambo wake unaofanya kazi hakikai kikingoja Nairobi iamke.

Lakini jua lina gharama, na gharama hizo ndizo zinazofichwa siku ya hotuba. Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi. Betri ya asidi na risasi, ikitumiwa vibaya, haimalizi hata miaka mitatu. Betri ya volti 12 yenye alama ya ampea-saa 100 ina umeme wa wati-saa 1,200 kwenye karatasi, ila anayetaka idumu asitumie zaidi ya nusu yake kila usiku. Muuzaji asiyesema hivyo anamuuzia mteja hasara. Betri za lithiamu huishi muda mrefu zaidi, ila bei yake ya kuanzia humtisha mzazi mwenye karo ya kulipa. Mwezi wa Julai, ukungu unapokaa juu ya milima ya Iveti hadi saa tano, paneli hutoa sehemu ndogo tu ya kile ilichotoa Februari. Aliyepimiwa mtambo kwa jua la Februari hulala gizani Julai.

Zipo pia paneli hafifu zenye maandishi ya wati 100 na nguvu ya 60. Zipo betri za gari zinazouzwa kama betri za sola. Zipo taa za lipa mdogo mdogo, ambazo zimezifikia nyumba nyingi maskini na zinastahili sifa kwa hilo, lakini mnunuzi hajumlishi malipo ya kila siku hadi mwisho akaona ni mara ngapi bei ya taslimu. Serikali nayo iliongeza mzigo. Katikati ya mwaka 2020 vifaa vya sola vilitozwa tena kodi ya VAT, na msamaha ukarudishwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko. Mwananchi aliyenunua katika mwaka huo mmoja alilipia kuyumba kwa wanasiasa.

Gharama mbaya kuliko zote inaanza betri inapokufa. Kila mkazi wa Kathiani anapaswa kulijua jina la Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi hewani na majini, damu ya watoto ikachafuka, na wanawake wakapoteza mimba. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliathiriwa, aliongoza mapambano hadi kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka hiyo yote watoto walikuwa wakikua na risasi mifupani. Betri zilizotupwa nyuma ya jikoni Kathiani, zinazovunjwa na vijana kwa nyundo ili wauze chuma chakavu, zina sumu ileile. Asidi inayomwagwa shambani inateremka hadi kwenye mchanga uleule unaochotwa maji kwa kata.

Kuhusu upepo, wakazi waambiwe ukweli ili wasitapeliwe. Upepo unalipa pale unapovuma kwa nguvu siku zote na mitambo ikiwa mikubwa na mirefu, kama Marsabit na Ngong. Kinu kidogo juu ya paa, katikati ya miti na vilima, hutoa umeme kiduchu na huharibika upesi. Faida ya upepo itaifikia Kathiani kupitia nyaya za taifa, na hapo wakazi wana haki ya kudai nidhamu. Mitambo ya Marsabit ilikamilika mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkandarasi wa Kihispania aliyekuwa akiijenga alifilisika, na Wakenya wakalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwafikia. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilitolewa bila kufuata sheria, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Kinangop, wakulima waliohisi wamerukwa walipinga mradi wa megawati 60 hadi ukafutwa. Mafunzo ni yaleyale ya kisima kilichokufa. Mradi unaoanza bila wenyewe unaishia kuwagharimu wenyewe.

Basi wana Kathiani wafanye nini?

Kwanza, kila kisima, shule na zahanati yenye sola iwe na daftari na akaunti. Hesabu yake si ngumu. Familia 100 zikitoa shilingi 50 kila mwezi, zinapatikana shilingi 5,000, na kwa mwaka 60,000. Fedha hizo zikae benki au kwenye sako, zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na angalau wawili kati yao wawe wanawake, kwa kuwa ndio wanaobeba mitungi. Hesabu isomwe kwa sauti barazani kila baada ya miezi mitatu, mbele ya chifu na mbele ya watoto. Mwekahazina anayeona aibu kusoma hesabu hadharani amekwisha kujieleza.

Pili, kila kijiji kichague vijana wawili, mmoja awe msichana, wafundishwe kuitunza mitambo. Kufuta vumbi na kinyesi cha ndege kwenye paneli kunahitaji maji, kitambaa na ngazi. Kukaza waya zilizolegea kabla hazijaungua kunahitaji bisibisi na macho. Kazi kubwa ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na leseni aionyeshe kabla hajapanda ngazi. Kanuni za mafundi wa sola zipo tangu 2012, kwa hiyo anayemleta binamu yake asiye na leseni avunjiwe mkataba.

Tatu, wakazi watumie sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Iandikwe barua moja, isiyo na matusi, kwenda kwa kaunti: nani alipewa zabuni, alilipwa kiasi gani, dhamana ya mitambo ni ya miaka mingapi, na nani anawajibika mitambo ikiharibika. Barua iwe na sahihi mia mbili. Maji na usambazaji wa nishati ni kazi za kaunti kwa mujibu wa Katiba, na mwakilishi wa wadi asiruhusiwe kusema kwamba hayamhusu. Ikumbukwe pia kwamba mpango mkubwa wa kitaifa wa sola kwa maeneo yaliyoachwa nyuma ulilenga kaunti 14, na Machakos haimo. Hakuna mkombozi aliye njiani.

Nne, betri zilizokufa zikusanywe mahali pamoja, kwenye sakafu ya saruji yenye paa, na zirudishwe kwa wauzaji au wakusanyaji wenye kibali. Sheria ya taka ya 2022 imewawekea wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kutumika. Maduka ya Kathiani yatakiwe kuzipokea, na duka linalokataa linyimwe wateja.

Na vyama vya akina mama, makanisa, misikiti, waliosoma wakahamia Nairobi, wote watafute namna ya kusaidia kadiri wanavyoweza.

Watu wa Machakos hawahitaji kufundishwa kazi ya pamoja. Mwethya, yaani desturi ya kazi ya pamoja, ndio uliokata matuta kwenye miteremko iliyokuwa imekwisha kuliwa na mmomonyoko, na ndio uliojenga mabwawa ya mchanga ambayo wageni kutoka mabara mengine huja kuyatazama. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga serikali ya kikoloni iliyokuwa ikiwapokonya ng'ombe. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye akakamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ikasalimu amri katika jambo la ng'ombe. Watu walioweza kumkabili gavana Mwingereza wanashindwaje kumwita barazani mwenyekiti wa kamati ya maji?

Wasikubali tena kuambiwa kwamba fedha zimekwisha bila kuonyeshwa karatasi. Wasikubali uzinduzi wa mradi mpya ilhali wa zamani umelala. Kiongozi akija na mkasi wa kukata utepe, aulizwe kwanza fedha za ukarabati ziko wapi, na asipojibu, utepe ubaki haujakatwa. Vijana wasikubali kununuliwa kwa fulana. Wazee wasikubali kunyamazishwa kwa heshima ya kiti cha mbele. Akina mama, ambao kila mtungi mkavu ni saa mbili za maisha yao, waende barazani wakiwa wengi, wakae hadi wajibiwe.

Mvua za vuli huanza Oktoba, na zikishanyesha watu watasahau kisima hadi kiangazi kingine kiwakute walipo. Kwa hiyo kazi ianze kabla. Kila kijiji chenye mtambo wa jua kiitishe mkutano mwezi huu, kichague kamati, kifungue akaunti, na barua ya kwenda kaunti isainiwe siku hiyohiyo. Wasiokuwa na mtambo wahudhurie pia, kwa maana utakapowafikia, watakuwa wanajua la kudai. Wana Kathiani, tokeni mfike.