Mama mboga anunue hisa, lakini si kwa haraka yenu

Haya, tumerudi pale pale tena. Bei za hisa Nairobi zilipanda mwaka 2024, zikapanda tena 2025, na siku hizi kila ninayekutana naye ana maoni kuhusu soko la hisa. Naona kambi mbili. Ya kwanza inasema hisa ni kamari ya matajiri, mtu wa kawaida akae mbali. Ya pili imejaa watu wa fani yangu, na inasema kila Mkenya mwenye simu anafaa kuwa sokoni leo hii, na kazi yetu sisi waundaji wa programu ni kumfikisha huko kwa kubonyeza mara mbili. Mimi nasema wote wanampotosha mwananchi, na hii kambi yangu ndiyo ya hatari zaidi.

Tuanze na hao wa kamari. Ukiwaomba ushahidi watakutajia Safaricom, 2008. Nilikuwa shule ya msingi lakini nazikumbuka zile foleni. Serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja, na ulitakiwa kuomba angalau hisa 2,000. Miaka miwili kabla ya hapo hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90 na bei yake ikaruka zaidi ya mara mbili zilipoingia sokoni, kwa hivyo watu waliamini hii ni pesa ya bure. Shangazi yangu alikopa benki shilingi 100,000. Waombaji walikuwa wengi kupita kiasi, na watu wa kawaida wakagawiwa karibu moja kwa tano ya walichoomba. Sasa piga hesabu. Aliomba hisa 20,000, akapata kama 4,000, mali ya shilingi 20,000. Ile 80,000 nyingine ilikaa huko majuma kadhaa kabla ya kurudi, huku riba ikihesabiwa kwa laki nzima. Bei ilipanda siku za mwanzo, kisha haikumaliza mwaka kabla ya kushuka chini ya shilingi 3. Akauza ili alipe deni. Hadi leo ukimtajia hisa anasonya.

Lakini nani alimwumiza? Ni mkopo, na ule wasiwasi wa kuachwa nyuma. Zile hisa alizouza kwa hasira zilifika karibu shilingi 45 Agosti 2021, na katikati ya hapo kampuni ilikuwa ikilipa gawio. Halafu ajabu ni kwamba wengi wanaoniambia hisa ni kamari, ukitazama simu zao utaikuta Aviator imefunguliwa. Agosti 2023 watu walijazana KICC wapigwe picha za macho na Worldcoin ili wapate sarafu zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Kwa hiyo tusiambiane kwamba Mkenya anaogopa kubahatisha!

Wala sitaki mnisikie vibaya, sihubiri subira kana kwamba subira ni dawa ya kila kitu. Aliyenunua Kenya Airways mwaka 1996 kwa shilingi 11.25 na kusubiri, alisubiri mpaka biashara ya hisa hizo ikasimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Aliyesubiri na Mumias tangu 2001 aliona kampuni ikiwekwa chini ya mrasimu 2019. Hata Safaricom yenyewe ilitoka kwenye ile 45 ikashuka chini ya 15 mwaka 2023. Kuwa na kampuni moja tu ni sawa na kuweka data yako yote kwenye diski moja bila nakala: siku zote mambo ni shwari, hadi siku moja.

Ninachodai mimi ni kitu kidogo na kisichochangamsha. Mama mboga, mwalimu, mtu wa boda boda, wana haki ya kumiliki vipande vya benki wanazolipa ada na mitandao wanayonunulia muda wa maongezi. Wanunue kidogo kidogo, kampuni kadhaa, kwa pesa ambayo haitahitajika kwa karo ya Januari, wakae nazo miaka. Kwa muda mrefu hata hilo lilikuwa gumu, maana ulilazimika kununua hisa 100 kwa mpigo. Hisa ikiwa shilingi 400, mlango wa kuingia ni 40,000. Sharti hilo liliondolewa Agosti 2025 na sasa unaweza kununua hisa moja. Nilifurahi kweli.

Sasa njooni tuonane, wenzangu wa kodi. Binamu yangu aliniomba nimwandikie programu ya kumnunulia na kumuuzia hisa kila bei ikitikisika. Nikamwandikia kitu kingine, kitanzi cha mistari mitano. Tuseme dalali na soko wanakata asilimia 2 ukinunua na asilimia 2 ukiuza. Anza na shilingi 10,000, nunua na uuze mara moja kila mwezi, bei isisogee hata senti. Baada ya mwaka unabaki na kama 6,150. Hakuna aliyekuibia. Hakuna kampuni iliyoanguka. Ni kitanzi tu kimezunguka mara 12. Binamu aliitazama ile namba akaniuliza kama nimekosea mahali. Ni kuzidisha tu.

Hiyo ndiyo sababu inayonifanya niogope programu zenye mishale ya kijani inayopepesa na arifa za saa kumi na mbili asubuhi kwamba hisa fulani "inawaka moto". Anayelipwa kwa kila ununuzi na kila uuzaji hana haja na mteja anayekaa kimya miaka saba. Na kwenye simu hiyo hiyo, kidole kimoja kando, kuna programu ya mkopo. Shangazi alilazimika kuvaa vizuri, kupanda matatu na kukaa mbele ya mtu wa benki, njiani angeweza hata kughairi. Kosa lile lile leo linachukua dakika mbili ukiwa kitandani.

Hao vijana wa leo hawajui hata kwamba dalali anaweza kuanguka. Francis Thuo alianguka 2007, Nyaga akafuata 2008, na mfuko wa fidia una kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mwekezaji. Kabla ya kusifu rangi za programu, uliza kama hisa zimeandikwa kwa jina lako kwenye akaunti ya CDSC. Ukijibiwa kwa mafumbo, ondoka.

Basi wenzangu, kama kweli mnajenga kwa ajili ya mwananchi, andikeni ada kwa herufi kubwa sawa na bei. Wekeni jumla ya alicholipa tangu Januari pale juu, penye picha zenu za maroketi. Mtu akibonyeza kuuza hisa alizonunua jana, mwonyesheni kwanza ni shilingi ngapi zinakatwa, kisha mwulizeni tena kesho asubuhi. Kodi yake haifiki hata mistari 50, na nitamwandikia bure yeyote atakayekubali kuiweka.