Mkulima wa Werugha Hajachelewa Kusoma

Anayesema kazi ya shamba haihitaji kusoma hajasimama na mkulima wa Werugha asubuhi ya kupiga dawa. Kabichi na nyanya za milima ya Taita huteremka hadi Voi na soko la Kongowea, Mombasa, na kabla ya kuteremka hupitiwa na pampu ya mgongoni. Chupa ya dawa ina utepe wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali kabisa, kijani ndiyo nafuu. Rangi hukaririka. Kipimo cha dawa kwa lita 20 za maji, na siku za kungoja kabla ya kuvuna, havikaririki, maana kila dawa ina vyake na kila zao lina vyake. Asiyesoma humngoja mtoto atoke shule. Mtoto akikosea, sumu hufika sahanini Mombasa.

Husemwa pia kwamba mtu mzima hashiki. Wengi hujibu kwa kumtaja Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mimi namtaja mama mboga, anayejumlisha nauli, deni la mbolea na faida kichwani, bila kalamu. Huyo hesabu anayo. Amekosa tu namna ya kuiandika. Darasa la ngumbaru likianza na daftari lake la madeni, kesho atarudi. Likianza na irabu za watoto, tena saa za kumwagilia, hatarudi, na sitakubali alaumiwe yeye.

Na kwamba cheti cha ufundi ni cha waliomaliza sekondari? Si kweli. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, haumwulizi mwashi alifika darasa la ngapi. Humtazama akijenga. Kutoka hapo anaweza kupanda hadi ya pili, kisha ya kwanza.

Hoja moja naikubali: watu wazima hawa hawana nafasi. Kwa kibarua, siku ya kupimwa ni siku bila ujira, tena ya nauli. Mwajiri hutozwa Sh50 za mafunzo kila mwezi kwa kila mfanyakazi, lakini kibarua asiyeandikwa popote hahesabiwi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti kwa Katiba ya 2010. Basi serikali ya kaunti ya Taita Taveta imlete mpimaji wa NITA Werugha, siku isiyo ya soko, na ilipe ada ya mtihani wa kwanza.