Shahada ya mikrobiolojia: nchi inaihitaji, lakini ajira iko wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Waliokuwa wanauliza bei ya mahindi wanaanza kuuliza kozi. Na kila mwaka swali hili halikosekani: kijana wetu amechaguliwa kusoma mikrobiolojia, je, akimaliza atakuwa daktari? Ataajiriwa hospitali? Au tunauza ng'ombe kwa kozi isiyo na kazi?

Jibu fupi ni hili. Hatakuwa daktari. Kazi zipo, ila nyingi haziko pale ambapo wazazi wengi wanadhani. Ndiyo maana inafaa kulifahamu jambo hili kabla ya kujaza fomu.

Ni elimu ya nini?

Mikrobiolojia ni elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho: bakteria, virusi, kuvu na jamii zao. Wengine wanaua na wengine wanatulisha. Maziwa yanaganda na togwa inachachuka kwa kazi yao. Ukiing'oa kunde au haragwe ukaona vinundu kwenye mizizi, humo wamo bakteria wanaoupatia mmea mbolea ya naitrojeni kutoka hewani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada hii kwa miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada iliyo jirani nayo, ya bayoteknolojia na sayansi za maabara. Kwa kozi zote mbili, Biolojia na Kemia ndizo nguzo.

Kwa nini nchi inawahitaji

Wasikilizaji wa Dodoma na Manyara hawajasahau mwaka 2016. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa kula nafaka yenye sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, hasa zisipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Kwa macho huwezi kujua kiasi cha sumu hiyo. Inapimwa maabara.

Machi 2021 sumukuvu hiyo hiyo iligusa mifuko ya wakulima na wafanyabiashara. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye ikafungua, lakini kwa masharti: mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Cheti hicho hakitoki mpakani tu. Kinatokana na kazi ya mtu aliyechukua sampuli, akapima na kuweka sahihi yake.

Kwa upande wa magonjwa, Marburg ilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza Machi 2023, mkoani Kagera. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa huo umerudi mkoani humo, safari hii wilayani Biharamulo. Sampuli zilipimwa kwenye maabara tembezi ya Kabaile huko huko Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Wataalamu wanapokuwa karibu na tukio, majibu hayachelewi na watu wanaokolewa.

Mlango wa hospitali

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganya mambo. Neno "maabara" likitajwa, mzazi anaona hospitali. Lakini maabara za afya zina sheria yake ya mwaka 2007 na baraza lake linalosajili wataalamu. Njia ya kawaida ya kupata usajili huo ni kusoma stashahada au shahada ya sayansi ya maabara za afya, inayotolewa MUHAS na vyuo vingine vya afya.

Shahada ya mikrobiolojia ni kozi nyingine. Anayetaka kazi ya kupima damu na makohozi ya wagonjwa asidhani kwamba atafika kwa njia yoyote ile. Aliulize baraza kabla ya kuomba chuo, na aulize kwa kutaja jina kamili la kozi. Ni afadhali jibu gumu leo kuliko kulisikia baada ya mahafali.

Milango mingine

Mhitimu wa mikrobiolojia anaweza kufanya kazi ya kudhibiti ubora kwenye viwanda vya maziwa, bia, maji ya chupa na vyakula. Mamlaka za maji nazo zinapima maji yao. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, jukumu lililokuwa la TFDA. Nyegezi jijini Mwanza ipo maabara ya kupima ubora wa samaki.

Kwenye mifugo ipo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ambayo kituo chake cha Kibaha kinatengeneza chanjo. Ile chanjo ya mdondo inayookoa kuku wako ni kazi ya watu wanaojua kumlea kirusi bila kumwachia adhuru. Kwenye utafiti kuna NIMR, TARI na Taasisi ya Afya Ifakara. Ipo pia Aflasafe, bidhaa ya shambani inayotumia kuvu wasio na sumu kuwazidi nguvu wale wenye sumu.

Mahitaji na nafasi ni vitu viwili

Orodha hiyo isikudanganye. Nchi kuhitaji wataalamu ni jambo moja, na kuwepo kwa bajeti ya kuwaajiri ni jambo jingine. Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kwenye usaili wa nafasi moja unaweza kumkuta mhitimu wa mikrobiolojia, wa sayansi ya chakula na wa bayoteknolojia.

Mfano mzuri uko Kibaha. Mwaka 2015 ulizinduliwa mradi wa kiwanda cha kutengeneza viuadudu kwa kutumia bakteria, kwa teknolojia ya Cuba, ili kuua viluwiluwi vya mbu wa malaria. Mbu wapo kila kijiji, kwa hiyo mahitaji hayakuwa na shaka. Lakini Juni 2017 Rais John Magufuli alilazimika kuziagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Mahitaji yalikuwepo, mnunuzi ndiye aliyekuwa akisuasua. Ajira za mikrobiolojia zinafuata mkondo huo: mtaalamu anaajiriwa pale mtu anapokubali kulipia kipimo, chanjo au dawa.

Kwa hiyo masharti yanayomkera mkulima, kama cheti cha sumukuvu, ndiyo pia yanayomtengenezea kijana wake kazi. Kadiri mazao yetu yanavyopimwa, ndivyo wapimaji wanavyohitajika.

Kabla ya kujaza fomu

Kwanza, mwombaji ajibu swali moja: anataka kumhudumia mgonjwa, au anataka kufuatilia chakula, maji, mifugo na mimea? Kama ni mgonjwa, aangalie kozi za afya. Kama ni hayo mengine, mikrobiolojia inamfaa.

Pili, aulize chuo kinawapeleka wapi wanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo. Wiki chache kiwandani au kwenye kituo cha utafiti humjengea uzoefu na watu wa kumkumbuka nafasi ikitokea.

Tatu, familia ipige hesabu ya mkopo. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Nne, ajifunze kitu cha kujitegemea angali chuoni. Kuzalisha mbegu za uyoga au kutengeneza mtindi kunahitaji usafi na ujuzi ule ule wa darasani, na kunaweza kuanza kwa chumba kimoja.

Mzazi usimkataze kijana kwa sababu tu jina la kozi ni geni. Wala usimruhusu kwa sababu tu linasikika la kidaktari. Keti naye, mpige simu chuoni na kwenye baraza, mwandike majibu kwenye karatasi. Mkishayaona, ndipo mzungumzie ng'ombe.